Malkia Wasio na Dhambi

Miaka hii sinema imewakumbuka malkia wa Afrika. Mwaka 2021 ilitoka Nigeria filamu ya Amina, malkia wa Zazzau katika nchi ya Wahausa. Mwaka 2022 tukaonyeshwa askari wanawake wa Dahomey katika filamu iitwayo The Woman King. Februari 2023 kampuni ya Netflix ikatoa mfululizo wa sehemu nne juu ya Njinga, aliyezitawala Ndongo na Matamba, nchi ambazo leo zimo ndani ya Angola. Na Mei ya mwaka ule ule ikafuata habari ya Kleopatra wa Misri. Waangola wenyewe walikuwa wametangulia, maana filamu yao juu ya Njinga ilitoka mwaka 2013.

Jambo hili latupasa kulifurahia, na tulifurahie waziwazi kabla ya kusema lingine lolote. Wazee wetu waliolipa kiingilio kuona sinema walizoea kuwaona watu wa rangi yao wamebeba mizigo ya wazungu porini, au wakipiga ngoma wakimzunguka mtu aliyefungwa mtini. Mwanamke wa Kiafrika hakuwa na neno la kusema. Akipita nyuma ya watu na mtungi kichwani, basi kazi yake imekwisha. Leo binti akiketi na wazazi wake sebuleni anamwona mwanamke mweusi akiamua vita na amani, akibishana na magavana, akiheshimiwa na wanaume wenye silaha. Mzazi asiyeona faida yoyote katika jambo hilo ana macho mazito.

Juu ya Kleopatra palizuka ugomvi mkubwa, kwa sababu mwigizaji wake alikuwa mweusi. Wakuu wa mambo ya kale wa Misri walitoa tamko kwamba malkia huyo alikuwa mweupe wa asili ya Kigiriki, na wakili mmoja akapeleka mashtaka. Hatuna haja ya kuingia katika ugomvi ule. Rangi ya ngozi ya mtu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita ni jambo la kuchunguzwa na wataalamu, na likikosewa, ni kosa la elimu. Swali linalotusumbua sisi ni la dhamiri, nalo halikupata kelele nyingi kama lile: Je, ni halali kumheshimu marehemu kwa kumwondolea dhambi zake?

Tumchukue Njinga, maana habari zake zimeandikwa kwa wingi kuliko za wengine, tena kwa sehemu kubwa zimeandikwa na watu wa Kanisa letu. Jina lake lisiyadanganye masikio ya Waswahili. Katika lugha ya Kimbundu latokana na neno lenye maana ya kusokota au kuzungusha, kwa kuwa yasimuliwa kwamba alizaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Ujinga ulikuwa mbali naye kabisa.

Mwaka 1622 kaka yake, mfalme wa Ndongo, alimtuma Luanda kufanya mapatano na Wareno, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiipiga nchi ile na kuchukua watu. Gavana João Correia de Sousa alimpokea ameketi kitini. Mgeni alikuwa ametandikiwa zulia chini, ndiyo desturi waliyowawekea machifu walioshindwa. Njinga akatazama, akaelewa. Akamwashiria kijakazi mmoja wa msafara wake. Yule akapiga magoti, akaweka viganja chini, na bibi yake akaketi juu ya mgongo wake, uso kwa uso na gavana. Hivyo ndivyo walivyozungumza mpaka mwisho. Padre Cavazzi, Mkapuchini wa Italia aliyeandika habari hii, anaongeza kwamba mazungumzo yalipokwisha Njinga aliondoka, na kijakazi akabaki vile vile chini. Gavana alipomwuliza kwa nini hamwinui, akajibu kwamba balozi wa mfalme mkubwa haketi kiti kimoja mara mbili, na kwamba viti vya namna hiyo anavyo vingi.

Mtu atakayetengeneza filamu juu ya Njinga hawezi kuiacha habari hiyo, naye ana haki. Ni tendo la akili na la ujasiri, lililofanywa katika nyumba ya adui, bila kuinua sauti. Mtazamaji moyo unamwinuka. Sisi pia umetuinuka. Lakini tuliporudi kuifikiria habari hiyo usiku, fikira zetu zilikwenda kwa yule ambaye kamera haimfuati. Alikaa muda gani katika hali ile? Magoti yalimwumaje? Alirudi nyumbani, au alibaki Luanda kama zawadi, kama kile kiti ambacho kimekwisha kutumika? Hata jina lake hatuna. Heshima ya Ndongo siku ile ilisimama juu ya mgongo wa mtu wa Ndongo.

Tafadhali msomaji asidhani kwamba twasema hivyo ili kumpunguzia Njinga sifa yake. Twataka kusema kwamba ukubwa wake na deni lake viko katika tendo lile lile moja, na kwamba picha inayoonyesha la kwanza na kufunika la pili imeonyesha nusu.

Hapa yatupasa kwanza kukiri la kwetu. Aliyeiharibu sura ya Njinga mbele ya ulimwengu hakuwa mtengeneza sinema, bali kalamu. Cavazzi alifika Angola mwaka 1654, akakaa katika baraza la malkia siku za uzee wake, na ndiye aliyemzika. Kitabu chake kikubwa kilichapwa Bologna mwaka 1687. Ndani yake zimo habari za thamani ambazo bila yeye zisingelitufikia kamwe. Lakini zimo pia hadithi za kunywa damu, za kula watu, za uasherati usio na kipimo, ambazo nyingi alizipokea kutoka kwa vinywa vya maadui wa malkia, au alizikuza ili wongofu wake wa mwisho uonekane mwujiza mkubwa zaidi. Kadiri giza la kwanza lilivyozidi kuwa jeusi, ndivyo nuru ya baadaye ilivyong'aa. Basi Ulaya ilikinywa kitabu kile kama pombe. Mwaka 1769 Mfaransa mmoja, Castilhon, akamtungia Njinga riwaya, na baada yake jina la malkia huyo likawa la kutishia watu, mfano wa ukatili wa Mwafrika na wa mwanamke kwa pamoja. Mtu aliyewakatalia Wareno nchi yake kwa miaka zaidi ya thelathini alipata malipo hayo katika vitabu.

Ndiyo sababu hatuwezi kuwalaumu kwa wepesi wale wanaotaka leo kumwosha uso. Tena wengi wao ni Wamarekani weusi, nao wana sababu yao ya damu. Mwaka 1619 merikebu ya Kireno iitwayo São João Bautista iliondoka Luanda na watumwa 350 ikielekea Mexico. Njiani ilishambuliwa na wanyang'anyi wa baharini, na watu ishirini na kitu waliochukuliwa humo wakafikishwa Virginia. Ndio Waafrika wa kwanza wanaotajwa katika koloni lile la Waingereza. Wanahistoria wanaamini kwamba wengi wao walikuwa watu wa Ndongo, waliotekwa katika vita vya Wareno vya miaka ile ile. Basi mjukuu wa watu hao atafutapo mama wa kujivunia, na akamkuta Njinga, dada wa mfalme wa Ndongo, aliyepigana na wale wale waliowachukua babu zake, nani atamwambia asimpende? Amenyang'anywa majina ya babu zake wote. Aliyempata mmoja anamkumbatia kwa nguvu.

Hata hivyo amri ya nane haikatazi masingizio peke yake. Yakataza pia sifa za uongo. Walimu wa maadili tangu zamani wameyaweka makosa hayo mawili jirani, nasi kwa kawaida twalichukia la kwanza na kulicheka la pili, kwa kuwa sifa hazimwumizi asifiwaye. Lakini ni kweli kwamba hazimwumizi mtu?

Tutazame The Woman King, kwa maana humo jambo lenyewe laonekana wazi. Hadithi yake imewekwa Dahomey, nchi ambayo leo yaitwa Benin, mwaka 1823, katika utawala wa mfalme Ghezo. Jemadari wa wanawake, Nanisca, ambaye ni mtu wa kubuniwa, anamsihi mfalme aache kuuza watu na afanye biashara ya mafuta ya mawese. Na mwishoni askari wake wanaivamia bandari ya watumwa na kuwafungulia waliofungwa. Filamu ni nzuri machoni, na waigizaji wake ni hodari. Lakini Ghezo wa kweli, aliyetawala toka 1818 hadi 1858, alipata kiti chake kwa msaada wa mfanya biashara wa watumwa kutoka Brazil, Francisco Félix de Souza. Aliahidi kuacha biashara hiyo mwaka 1852 tu, baada ya manowari za Uingereza kuizuia pwani yake. Na kabla hajafa ilikuwa imekwisha kuanza tena. Mafuta yenyewe ya mawese yalitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa. Na jeshi lile la wanawake, pamoja na ushujaa wake wote ambao hata maadui walioupima waliukiri, lilikuwa mojawapo ya mikono ya mfalme ya kukamatia watu. Vijiji vilivyoamshwa alfajiri na wanawake hao havikuwaona kama wakombozi. Mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alikwenda Benin kutengeneza filamu ya habari za kweli juu yao, iliyoonyeshwa Uingereza mwaka 2019, naye hakuogopa kuligusa jambo hilo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba habari hazikujulikana.

Tumesikia utetezi. Husemwa: sinema si kitabu cha historia, watu wameteswa na picha mbaya kwa karne nyingi, wapeni basi nzuri moja wapumue, wasichana wanahitaji mifano. Husemwa pia kwamba wazungu wamewasafisha wafalme wao katika sinema mia na mia, na hakuna gazeti lililoandika tahariri. Utetezi huu una uzito, na neno la mwisho hasa ni la kweli tupu. Wafalme wa Ulaya katika sinema huwa na farasi weupe na mioyo meupe zaidi. Lakini mtu aliyeibiwa hapati haki yake kwa kuiba namna ile ile. Na kuhusu mifano, tungependa kuuliza swali moja. Msichana anajifunza nini kwa malkia ambaye hakuchagua kamwe jambo baya?

Sisi twaona anajifunza kwamba wanawake hawakutawala kwa kweli. Maana kutawala ni kuchagua, na mara nyingi ni kuchagua gizani, wakati njia zote zilizo wazi zina miiba. Mtu ambaye kila ovu alilotenda alisukumwa na wanaume, na kila jema lilitoka moyoni mwake, huyo si mtawala. Ni bendera ipeperushwayo na upepo mzuri. Cavazzi alimnyima Njinga dhamiri kwa kumfanya mnyama wa porini. Anayemfanya sanamu ya udongo mweupe amemnyima dhamiri pia, ingawa kwa upole. Wote wawili wanakataa kumtendea kama mtu mzima. Malkia asiye na dhambi Wakristo twamjua mmoja tu, naye hakuwa na jeshi.

Maandiko Matakatifu yangeweza kuwafundisha watengeneza sinema kazi yao. Waliohifadhi habari za Daudi walimpenda kuliko mfalme mwingine yeyote, walimwita mteule, walitumaini kwamba mwokozi atatoka katika uzao wake. Na wakaandika habari ya Uria mpaka mwisho, pamoja na barua iliyomwua, na Uria mwenyewe akiibeba mkononi. Hakuna aliyemdharau Daudi kwa ajili ya ukurasa ule. Ukiung'oa, toba yake haina mahali pa kusimama.

Turudi kwa Njinga. Inasimuliwa kwamba kaka yake alipotwaa ufalme, mwaka 1617, alimwua mwana mchanga wa dada yake ili asije akawa mshindani. Kaka mwenyewe alikufa mwaka 1624. Wengine walisema kwa sumu aliyojinywesha, wengine kwa sumu aliyonyweshwa. Njinga akashika utawala. Palikuwa na kijana, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyekuwa chini ya ulinzi wa jemadari mmoja wa Waimbangala. Njinga alimpata mtoto yule kwa kuolewa na mlinzi wake, na mara mtoto alipokuwa mikononi mwake akauawa. Mama aliyenyang'anywa mtoto kwa ajili ya kiti cha enzi alimnyang'anya mtoto mwingine uhai kwa ajili ya kiti kile kile. Ni mwandishi gani wa tamthilia angeona jambo zito kuliko hilo? Shakespeare asingeliacha. Twashangaa tunaposikia watu wakisema kwamba mambo kama hayo yafichwe ili malkia apendwe.

Wareno walimfukuza katika Ndongo, wakamsimika mahali pake mfalme wa kwao, Ngola Hari. Yeye akaishi na Waimbangala, watu wa kambi na vita, akachukua desturi zao kali. Karibu na mwaka 1631 akaiteka Matamba, akajifanyia huko ufalme mpya. Waholanzi walipoinyakua Luanda mwaka 1641, akafanya mapatano nao dhidi ya Wareno, mpaka walipofukuzwa mwaka 1648. Huo ni utawala wa akili nyingi. Lakini bunduki na baruti vililipiwa kwa nini? Kwa wanadamu. Mateka wa vita vyake waliteremshwa pwani, wakauzwa kwa Waholanzi, na baadaye kwa Wareno, wakavushwa bahari. Wengine waliotoroka kwa Wareno walimkimbilia yeye, akawapokea, na hilo liandikwe kwa heshima yake. Wengine waliouzwa naye waliikimbilia mauti.

Je, alikuwa na njia nyingine? Swali hili si la kujibiwa na mtu aliyekaa mezani na kikombe cha chai. Mfalme asiyeuza watu hakupata silaha, na asiye na silaha watu wake waliuzwa na mwenzake. Wareno ndio walioanzisha soko, walioshika bei, waliokuja na merikebu. Dhambi yao ni kubwa kuliko ya wote, na filamu isemayo hivyo yasema kweli. Tofauti tunayotaka kuishika ni ndogo tu, lakini bila hiyo maadili yote hubomoka: kumwelewa mtu si sawa na kusema hakutenda.

Wengine watatuambia kwamba twamhukumu mtu wa karne ya kumi na saba kwa kipimo cha leo, kwamba zama zile hakuna aliyeona utumwa kuwa kosa. Jibu la neno hilo halihitaji kutoka kwetu; lilitoka katika nchi ile ile. Mwaka 1684 alifika Roma mtu mweusi aitwaye Lourenço da Silva Mendonça, mwenye asili ya Angola, aliyejitambulisha kuwa wa ukoo wa wafalme wa huko. Alimletea Papa Inosenti XI malalamiko ya watumwa, wengi wao Wakristo waliobatizwa, akieleza mateso yao na kuomba biashara ile ilaaniwe. Wakapuchini wengine nao walipeleka mashitaka yao, na mwaka 1686 Ofisi Takatifu ikatoa jibu la kulaani kuwateka na kuwauza watu wasio na hatia kwa nguvu na hila. Ni aibu yetu kwamba jibu lile lilibaki katika makabati, na merikebu zikaendelea kupakia watu katika bandari za wafalme Wakatoliki. Lakini haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyejua. Miaka ishirini na mmoja tu baada ya kifo cha Njinga, Mwafrika wa asili ile ile alijua, akasafiri mbali kwa ajili ya kulisema. Filamu yake iko wapi?

Tena alijua na yule kijakazi wa Luanda. Hatuhitaji hati ya Roma kwa hilo.

Sisi wa Afrika Mashariki tusilitazame jambo hili kama la watu wa mbali. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo, na kijiji cha watumwa waliokombolewa kilikua karibu na kanisa lao. Wako wasomaji wa magazeti ya Kikatoliki ambao bibi za bibi zao walitoka katika kijiji kile. Na wako wengine, labda katika jumuiya ile ile, labda katika ndoa ile ile, ambao babu za babu zao waliwapeleka watu pwani wakiwa wamefungwa minyororo, wakarudi na nguo na bunduki. Mambo hayo hayasemwi katika posa. Mtoto aliyelelewa kwa filamu ambamo wauzaji wote ni wageni, na watawala wote wa kwetu ni wakombozi, siku atakapogundua ukweli wa ukoo wake mwenyewe hatakuwa na mahali pa kuuweka. Ataukana, au atawachukia wazee wake. Yule aliyekwisha kumwona Njinga mzima, akampenda na kumhuzunikia kwa wakati mmoja, amekwisha kujifunza namna ya kuwapenda wazee.

Limebaki jambo moja, nalo latugusa sisi zaidi kuliko watengeneza sinema. Njinga alibatizwa Luanda mwaka ule wa ubalozi wake, 1622, akaitwa Ana de Sousa. Baadaye aliacha dini ile miaka mingi. Akairudia mwaka 1656, mikononi mwa Padre Antonio da Gaeta, Mkapuchini. Akaacha waume wake wengi, akafunga ndoa na mmoja, akajenga kanisa, akauita mji wake mkuu Santa Maria wa Matamba. Mwaka 1660 Papa Aleksanda VII alimwandikia barua. Alifariki tarehe 17 Desemba 1663, mwenye umri wa miaka themanini hivi, akazikwa katika kanzu ya Wakapuchini.

Mtengeneza sinema wa siku hizi hajui la kufanya na sehemu hii. Mara nyingi humfaa kuifanya hila ya siasa tu: malkia aliona kwamba msalaba utamletea amani na Wareno, akauchukua kama mtu achukuavyo mwavuli. Sisi nasi tuna kishawishi chetu, kile cha Cavazzi: kuifanya picha ya sala, mzee ameinama mbele ya altare, machozi, mwisho. Kanuni tuliyowawekea wengine yatufunga na sisi. Mapatano na Wareno na kuirudia dini vilikuja mwaka mmoja, na faida ya siasa ilikuwa dhahiri. Tena toba yake, ikiwa ilikuwa ya kweli, haikuufikia mnada: biashara ya watu katika Matamba haikukoma. Mungu aliyemzika ndiye ajuaye kilichokuwamo moyoni. Mwandishi na mpiga picha wanaweza tu kuweka mambo hayo mawili bega kwa bega bila kuondoa moja.

Katika mapatano yale ya 1656 ndimo limo jambo ambalo, kama tungeliulizwa, tungelimwomba mwongozaji wa filamu ijayo alifikirie. Wareno walikuwa wamemteka Kambu, dada yake Njinga, aliyebatizwa Barbara, wakamshika miaka kumi. Dada yao mwingine, Funji, walikuwa wamemwua. Ili wamwachie Kambu walitaka watumwa 130, na Njinga akawatoa. Ni nani mwenye dada ambaye asingelitoa? Mkutano wa wanawake wale wawili, wote wamekwisha kuzeeka, mmoja ametoka kifungoni na mwingine atakayemwachia ufalme, ni tukio ambalo mtengeneza sinema yeyote angelitamani, na sisi tutalia pamoja na watazamaji wengine. Lakini njia ya kutoka Luanda kwenda Matamba ilikuwa moja. Mwanamke mmoja aliipanda amefunguliwa, na watu 130 waliishuka wamefungwa. Mpiga picha akitaka kuwapata wote atalazimika kurudi nyuma hatua kadhaa.